Riwaya iliyosifiwa na kila mtu, mimi ikaniangusha: kosa ni langu au la kitabu?

Msomaji wa Kimara (mleta mada)

Ndugu wasomaji, habari za jioni. Kuna jambo linalonikera kwa muda sasa, na kwa kuwa hapa wamo watu wanaosoma kwa dhati, naomba tulizungumze bila kuoneana haya. Sisi ni watu sita tunaokutana kila mwisho wa mwezi kuzungumzia kitabu kimoja, na mara mbili mfululizo nimejikuta peke yangu: wenzangu wote wameondoka wakiwa wamefurahi, mimi nimeondoka na kinyongo. Vitabu vyenyewe ni The Da Vinci Code cha Dan Brown, kilichotoka mwaka 2003, na The Alchemist cha Mbrazili Paulo Coelho, kilichotoka kwa Kireno mwaka 1988. Vimesomwa na mamilioni ya watu duniani, kwa hiyo mtu anayesema havikumridhisha huonekana mwenye majivuno au mwenye husuda.

Nianze na Brown. Nilinunua nakala ya mtumba kwa wauza vitabu wa kando ya barabara kule Posta, nikakisoma kwa siku nne ndani ya mwendokasi, asubuhi nikienda Kivukoni na jioni nikirudi Kimara. Sitakidhulumu kitabu cha watu: kinakimbia. Sura zake ni fupi, zaidi ya 100, na nyingi zimekatwa palepale mtu anapofungua mlango au anapoona kitu ambacho sisi hatujaonyeshwa. Siku ya pili nilisimama kutoka Ubungo hadi Fire, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika kitabu, wala sikuhisi uchovu.

Lakini kuna mahali tulipoachana, na naweza kupataja. Profesa Langdon wa Harvard na mwanahistoria Leigh Teabing, ambaye maisha yake yote ameyatoa kwa siri hizihizi, wanatazama maandishi wasiyoyatambua na kuanza kukisia kwamba huenda ni lugha fulani ya Kisemiti. Maandishi hayo yamechapwa ukurasani, nasi tunayaona kwa macho yetu: ni Kiingereza kilichogeuzwa, kama kinavyoonekana katika kioo. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, anajulikana dunia nzima kwa kuandika namna hiyo, na riwaya imebeba jina lake juu ya jalada. Mtu aliyeimiliki nakala yangu kabla yangu alikuwa ameandika pembeni, kwa penseli na kwa herufi ndogo, neno moja tu: «kioo». Yeye aliona na mimi niliona, lakini wasomi wawili waliotajwa kuwa mabingwa wa jambo hilo hawakuona mpaka Sophie Neveu, mwanamke aliye nao katika msako huo, alipopewa nafasi ya kutazama. Tangu hapo sikuweza tena kumwamini Langdon, kwa sababu nilielewa kwamba mwandishi humpa akili pale anapotaka kutushangaza na humnyang'anya pale anapotaka kuturefushia njia.

La pili ni ukurasa wa mwanzo kabisa, ambapo mwandishi anatangaza kwamba chama cha siri kiitwacho Priory of Sion kipo kweli na kilianzishwa mwaka 1099. Nilikwenda kutafuta. Chama chenye jina hilo kiliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na mtu aitwaye Pierre Plantard, na nyaraka zilizowekwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ili kukipa historia ndefu zilikuwa za kughushi. Najua kwamba riwaya ina ruhusa ya kubuni chochote. Sikulalamika juu ya mauaji ya ndani ya jumba la makumbusho la Louvre wala juu ya kitu kingine chochote kilichobuniwa ndani ya hadithi. Ninacholalamikia ni kwamba kabla hadithi haijaanza nilikuwa nimekwisha kuapiwa.

Kuhusu The Alchemist nitasema machache, kwa kuwa sijajua vizuri kilichoniudhi. Nilimpenda yule kijana mchungaji mwanzoni, akiwa na kondoo wake kule Andalusia, lakini kadiri alivyosonga mbele nilihisi kama mtu aliyealikwa karamuni, kisha akakuta kila mwenyeji anasimama kutoa hotuba na chakula hakiletwi.

Swali langu ni hili: ni riwaya ipi inayopendwa na wengi iliyokuangusha wewe, na ni mahali gani hasa ndani ya kitabu ulipohisi kwamba umeangushwa? Naomba tusiishie kusema kwamba kitabu kinachosha. Nitajieni mahali.

Nakala ya Pili

Ndugu mleta mada, la kioo nimekukubalia bila ubishi, na nimecheka kwa furaha kumsikia huyo mwenzetu wa penseli. Hata hivyo naomba nimtetee Brown kidogo, kwa sababu ninadaiwa naye. Mpaka ninamaliza kidato cha nne nilikuwa sijawahi kusoma riwaya hata moja kwa hiari yangu. Vitabu vya shule tulivipokea vikiwa vimekwisha kukatwakatwa: tuliandikiwa ubaoni dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza, na baadhi yetu tulifanya mtihani vizuri bila kukigusa kitabu chenyewe. Kisha nikiwa likizo kwa shangazi yangu Tabata, nikakuta The Da Vinci Code juu ya kabati. Nilisoma mpaka shangazi akaja kuzima taa, nami nikaendelea kwa tochi ya simu. Hakuna aliyeniambia kwamba nitaulizwa swali. Kwa mara ya kwanza nilifungua ukurasa kwa kuwa nilitaka kujua kilichokuwa nyuma yake.

Pamoja na deni hilo, nitasema ukweli wangu. Mwaka jana nilijaribu kukisoma tena, nikashindwa kufika nusu. Ukishajua kwamba yule anayeitwa Mwalimu, anayetuma watu kuua, ndiye huyohuyo Teabing aliyewakaribisha nyumbani kwake kwa ukarimu, hakuna kinachobaki cha kukurudisha. Mazungumzo ni mihadhara inayotolewa watu wakiwa mbioni, na Sophie, ambaye ni mtaalamu wa polisi wa kufumbua maandishi ya siri, hutumiwa zaidi kuuliza maswali ili wanaume wapate nafasi ya kueleza. Nikiwa na miaka kumi na saba sikuliona hilo. Sasa linanikera kuliko la kioo, kwa sababu la kioo ni la ukurasa mmoja na hili linakwenda kitabu kizima. Tena ajabu ni kwamba pale penye kioo ni mojawapo ya mahali pachache anapoachiwa aone kitu kabla yao.

Mwalimu Mstaafu, Temeke

Wanangu, nimefurahi kuona mazungumzo ya namna hii. Mleta mada amesema hajui kilichomuudhi ndani ya The Alchemist, nami nadhani ninakijua, kwa kuwa kiliniudhi mimi pia. Ila mimi nilikuwa na bahati mbaya ya kuijua hadithi yenyewe kabla ya kukifungua kitabu.

Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha mtu wa Baghdad aliyefilisika akabaki na nyumba tu. Usiku mmoja akaota anaambiwa kwamba riziki yake iko Misri, aifuate. Akasafiri mpaka Kairo, akalala msikitini, na usiku huohuo wezi wakavamia nyumba ya jirani. Watu wakapiga kelele, askari wakaja, wakamkuta yeye mgeni, wakamkamata na kumpiga mpaka akakaribia kufa. Mkuu wa askari alipomuuliza kilichomleta, akamweleza ndoto yake. Mkuu akacheka mpaka meno yake ya nyuma yakaonekana, akamwambia: wewe huna akili, mimi nimeota mara tatu kwamba Baghdad kuna nyumba ya namna hii na hii, ina ua, na chini ya chemchemi yake kumezikwa mali, nami sikwenda. Akampa fedha kidogo za kumrudisha kwao. Yule maskini akaitambua nyumba iliyotajwa kuwa ni nyumba yake mwenyewe, akarudi, akachimba, akapata. Kisa kimekwisha, na hakizidi kurasa mbili.

Sasa mtazameni Santiago, yule kijana mchungaji wa Coelho. Anakwenda mpaka kwenye Mapiramidi, anapigwa na watu, na mmoja wao anamwambia kwa dharau kwamba naye aliota juu ya hazina iliyozikwa katika magofu ya kanisa huko Hispania, mahali wachungaji wanapolala na kondoo wao, wala hakuwa mjinga wa kuvuka jangwa kwa ajili ya ndoto. Magofu hayo ndiyo Santiago aliyolala usiku wa kwanza wa riwaya. Simlaumu Coelho kwa kuichukua hadithi hii, kwa maana hadithi za namna hiyo ni za kila mwenye ulimi, na bibi zetu walizichukua na kuzivisha kanga bila kumwomba mtu idhini. Ninachomlaumu ni kwamba hakuiamini. Mkuu wa askari wa Kairo hajui kwamba anampa mtu ufunguo wa nyumba yake. Anadhani anamkemea mjinga, na msikilizaji peke yake ndiye anayeona mambo mawili kwa pamoja. Utamu wote uko hapo. Katika riwaya, kuanzia yule mzee anayejiita mfalme wa Salemu na kuendelea, karibu kila anayekutana na kijana humweleza maana ya safari yake, na sisi tunaelezwa pamoja naye, tena na tena, mpaka hazina inapopatikana tumekwisha kuichoka.

Kuna mtu mmoja tu niliyemwamini, naye ni mfanyabiashara wa vyombo vya kioo kule Tangier. Anatamani kwenda kuhiji Makka maisha yake yote, na fedha zikianza kupatikana anatambua kwamba anaogopa kwenda, kwa kuwa akishahiji hatabakiwa na kitu cha kumfanya aamke asubuhi. Nimewafahamu wazee wa Kariakoo wenye hofu ileile, ingawa wao waliiita shughuli nyingi za duka. Laiti mwandishi angekaa naye. Lakini kijana anaondoka, tunaondoka naye, na baadaye tunakutanishwa na Fatima, msichana wa oasisi ambaye kazi yake yote ni kumwambia mwanamume aende na yeye atangoja. Hapo ndipo mimi nilipoweka kitabu chini kwa siku mbili.

Umeuliza pia, binti yangu Nakala ya Pili, kwa namna fulani, juu ya kitabu kinachoweza kusomwa tena. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla nimekisoma mara nyingi tangu ujana wangu. Kilichapishwa mwaka 1960 na ni cha upelelezi, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida kingekwisha utamu mara tu nilipomjua muuaji. Hakikwisha. Mpelelezi Bwana Msa akiwa na kiko chake, na rafiki yake Najum akidhani ameelewa kumbe ameelewa nusu, wanazungumza Kiswahili ambacho nikikisikia najiona nimekaa barazani Unguja. Sitaficha upande wa pili: katika baadhi ya vitabu vyake vya baadaye nasaba za wahusika zimesokotana mno, mtu huyu ni mtoto wa fulani asiyejua kwamba ni ndugu wa fulani, mpaka msomaji analazimika kuchora mti wa ukoo kwenye karatasi. Hilo nalo ni kosa, na ninamwambia kwa mapenzi.

Kijana wa Ilala

Shikamoo Mwalimu, na heshima kwenu nyote. Mimi nitataja kitu cha nyumbani, ingawa najua wapo watakaoumia. Vitabu vya Elvis Musiba nilivirithi kwa baba yangu, ambaye alivipanga ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vyake: Kufa na Kupona cha mwaka 1974 kilikuwa hakina jalada tena, na Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979 kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Nikiwa mtoto nilitaka kuwa Willy Gamba, mpelelezi wa vitabu hivyo. Nilipovirudia mwaka huu nikiwa na watoto wangu, nilihuzunika kweli. Willy Gamba hawezi kufa, na kwa kuwa hawezi kufa sikuogopa hata mara moja. Wanawake ni warembo wote, na wapo ama kumpenda ama kumsaliti. Nilitafuta mwanamke mmoja mwenye shughuli zake mwenyewe zisizomhusu Willy, sikumpata.

Na bado siwezi kuvitoa nyumbani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake katika jiji hili la Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na katika vitabu hivi mpelelezi anayepambana na maadui wa ukombozi ni Mtanzania, anazungumza Kiswahili na anapita mitaa ambayo baba aliipita. Baba alikuwa akisoma kwa sauti, na akifika mahali ambapo makaburu wanapigwa alikuwa anasimama. Hiyo si sifa ya kifasihi, najua, na nikiulizwa na mleta mada nitaje mahali nilipoangushwa, nitasema ni pale nilipoanza kuwasomea binti zangu mapambano ya kwanza na nikajikuta naruka aya nzima.

Msafiri wa Kigamboni

Mimi nitakuwa mfupi. Kilichoniangusha ni Peponi, yaani Paradise cha Abdulrazak Gurnah kama kilivyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kila mtu alikuwa anamtaja, nami nikasema nitasoma kwa lugha yangu. Nilisoma kwa hamu. Nilipofika mwisho nilidhani kurasa zimenyofoka. Nikakagua gundi ya mgongo wa kitabu, nikahesabu namba za kurasa, hazikukosekana. Yusuf, kijana tuliyemfuata kitabu kizima, anakimbia kuwafuata askari wa Wajerumani, basi. Baada ya safari yote ile ya bara, baada ya Khalil mwenzake wa dukani, baada ya Amina msichana aliyempenda, mtu anakimbia na kitabu kinafungwa. Mwalimu amewalaumu wanaoeleza kupita kiasi; mimi nawalaumu wasioeleza kabisa.

Mwalimu Mstaafu, Temeke

Mwanangu wa Kigamboni, rudi nyuma kidogo kabla hajakimbia. Yusuf alitolewa kwao akiwa na umri wa miaka kumi na miwili kama rehani ya deni la baba yake, akapewa kwa mfanyabiashara Aziz aliyezoea kumwita ami, na miaka yote hiyo anaishi dukani, nje ya ukuta wa bustani anayoitamani. Mwishoni askari wamepita, wamewachukua watu kwa nguvu, na mahali walipopiga kambi wameacha kinyesi. Mbwa wanakila, na Yusuf anawatazama wale mbwa na kujiona mwenyewe ndani yao. Kisha anasikia nyuma yake, kule bustanini, sauti kama ya milango inayokomewa. Anageuka mara moja, halafu anakimbia huku macho yanamwasha. Mwandishi hakukuambia kwamba huyu ni mtu aliyefungiwa nje ya pepo na hana bwana mwingine wa kumkimbilia isipokuwa aliye mbaya zaidi. Amekupa mbwa, amekupa sauti ya makomeo, akakuacha nayo. Ndilo jambo alilolifanya yule mkuu wa askari wa Kairo, na ndilo ninalolikosa kwa Coelho.

Msomaji wa Kimara (mleta mada)

Mwalimu, shikamoo, na ninakushukuru kutoka moyoni. Nilikuwa nalisema vibaya jambo langu. Nilidhani nimechoshwa na The Alchemist kwa kuwa ni chepesi, lakini hadithi uliyotusimulia ya mtu wa Baghdad ni nyepesi zaidi, na nimeisimulia jana nyumbani wakati umeme umekatika, mke wangu akaniomba nirudie mahali mkuu wa askari anapocheka. Nitaondoa neno «chepesi» katika malalamiko yangu yote.

Kwa Nakala ya Pili: hilo la Sophie kufanywa muulizaji sikuliona kabisa, na nimerudi kuangalia, umesema kweli. Ningekuwa nimelieleza kundini badala ya kung'ang'ania kioo na mwaka 1956, huenda wenzangu wangenisikiliza, kwa sababu dada wawili waliomo walikuwa wanakaribia kulisema na mimi niliwakatiza. Nitawaomba radhi tukikutana.

Kijana wa Ilala, usivitoe vitabu vya mzee.

Mwezi ujao zamu ya kuchagua ni yangu, na nitachagua Peponi. Msafiri, kama Jumamosi ya mwisho unaweza kuvuka na kivuko cha asubuhi, tunakutana karibu na Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed, saa nne. Njoo na hasira yako yote.

Msafiri wa Kigamboni

Nitakuja. Nimesoma tena kurasa tatu za mwisho usiku wa kuamkia leo, polepole. Sauti ya makomeo ipo, na mara ya kwanza niliipita kwa kuwa nilikuwa natazama unene wa kurasa zilizobaki na kujiambia kwamba lazima kitu kikubwa kinakuja. Kwa hiyo Mwalimu, kuhusu Yusuf nimekubali. Lakini Amina bado yuko ndani ya nyumba ile, nyuma ya ukuta uleule, na yeye hakuna aliyemwachia mlango hata wa kukimbilia ubaya. Nataka kujua alisikia nini wakati ule. Hilo sijamsamehe mwandishi, na ndilo nitakaloanza nalo Jumamosi.